Kurasa zilizoshonwa uzi zisifunguliwe

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni gazeti lako lilichapa barua ya msomaji aliyesifu madaftari ya wanawake yanayozunguka vijijini, yale ambayo mama huandika habari za maisha yake kisha akampitishia mwenzake. Msomaji huyo alipendekeza yakusanywe yote, yapelekwe mjini, yapigwe chapa na kuwekwa mahali ambapo kila mtu atayasoma, kabla hayajaliwa na mchwa. Naamini aliandika kwa nia njema. Lakini mimi ni mmoja wa wanaoyazungusha hayo madaftari, na naomba nafasi nieleze kwa nini jambo hilo lisifanywe namna hiyo.

Naishi Pangani. Nilianza kufundisha shule za msingi mwaka 1971, nikastaafu 2012. Daftari letu la kwanza lilianza mwaka 2016, baada ya msiba. Shoga yangu wa miaka mingi alifariki, na siku ya tatu tumekaa mkekani tunachambua mchele wa hitima, mjukuu wake wa darasa la sita akanisogelea akaniuliza, "Bibi Mwalimu, bibi yangu alikuwa anafanya kazi gani kabla hajaolewa?" Nikafungua mdomo, sina jibu. Nimekula na mwanamke yule, nimemuuguza, amenilelea wanangu nikiwa kazini, miaka 34. Nikawauliza wenzangu pale mkekani. Mmoja akasema alikuwa kwao tu, Kipumbwi. Mwingine akasema hapana, alilelewa na shangazi yake Tanga mjini. Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyesema taratibu, bila kuinua macho kwenye ungo: "Alikuwa anaanika singa kule mkongeni. Miaka saba. Kwani vidole vyake hamkuviona?"

Nilikuwa nimeviona. Sikuwahi kuuliza.

Kwa asiyejua, singa ni zile nyuzi za mkonge zikishatoka korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Zinatoka zimelowa maji ya majani yale, na maji hayo yanawasha, yanachubua ngozi. Mwanamke anazibeba mikononi kutwa nzima, anazitandaza kwenye waya zikauke juani, anazigeuza, anazianua. Na mkonge wenyewe uliingilia hapa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, hapahapa Pangani. Miche 62 inajulikana kwa hesabu mpaka leo, nimeifundisha darasani mara sijui ngapi. Shoga yangu alianika singa za uzao wa miche hiyo kwa miaka saba na hakuna karatasi hata moja niliyowahi kuona yenye jina lake.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda dukani nikanunua kaunta buku moja nene, la jalada gumu.

Tulikuwa tayari na mchezo wetu wa kupeana fedha, wanawake 22, wa Pangani mjini na wengine wa Bweni, ng'ambo ya mto. Kila Ijumaa jioni tunakusanya, mmoja anapokea. Nikawaomba jambo moja: anayepokea fedha apokee na daftari. Akae nalo wiki nzima, aandike lolote la maisha yake, Ijumaa inayofuata alilete pamoja na mchango wake. Watu huuliza tuliwezaje kuwafanya wanawake waandike. Jibu ni hilo. Zamu ya mchezo hakuna anayeiruka wala anayeiogopa, kila mtu anaijua kwa moyo, na daftari likapanda mgongoni mwake. Anayeogopa kalamu anakaa na mjukuu, anasema, mjukuu anaandika. Kuna ukurasa mmoja wa namna hiyo ambapo mtoto aliandika kila alichosikia, mpaka maneno "subiri hapo usiandike kwanza". Tumeyaacha.

Mzunguko wa kwanza nilifanya kosa, na naliandika hapa ili wengine wasilirudie. Daftari liliporudi kwangu nililisoma lote usiku mmoja, na mkono wangu wa ualimu ukachukua kalamu nyekundu. Palipoandikwa "naria" badala ya "nalia", nikarekebisha. Nikatenganisha maneno yaliyoshikana. Nikaweka herufi kubwa. Sikuweka alama za vema na kosa, lakini wino mwekundu ni wino mwekundu. Mzunguko wa pili ukaanza, na mama wa tatu, ambaye mara ya kwanza alijaza kurasa tano za kuzaa watoto wanane na kuzika watatu, akalirudisha na ukurasa wake mweupe. Pale juu ameandika tarehe tu. Nilimfuata nyumbani. Hakunisema vibaya. Aliniambia, "Mwalimu, mimi shule niliacha darasa la nne kwa sababu ya wino huo." Tangu siku hiyo kalamu nyekundu haiingii kwangu, na lugha ya daftari ni ya mwenye kuandika. Wapo wanaoandika kama wanavyosema, Kizigua na Kiswahili ndani ya sentensi moja, na wote tunaelewa.

Sasa nataka msomaji yule aone kwa nini daftari lazima lizunguke, lisikae kabatini hata kama kabati ni zuri.

Mama mmoja wa Bweni aliandika habari za mumewe kuondoka na mgambo mwishoni mwa mwaka 1978, kwenda vita vya Kagera. Alimwachia redio ya mbao isiyo na betri. Akauza kuku wawili, akazunguka kutafuta betri, maana wakati ule betri zilikuwa adimu kama sukari. Alipozipata aliweka redio dirishani, majirani wakawa wanakuja kusikiliza taarifa ya habari kwake, naye akawa anawakaribisha huku moyoni anaomba wasiseme kitu, asije akakosa neno. Akaishia hapo. Wiki iliyofuata, mwenzake aliyepokea daftari akaandika pembeni kwa kalamu ya bluu: "Dada, alirudi?" Wa tatu akaandika chini yake: "Na mimi nauliza." Daftari likaenda likapita nyumba zote 22, likarudi kwake baada ya miezi mitano. Akajibu palepale pembeni, maneno matatu: "Alirudi. Hakuwa yule."

Mzunguko uliofuata wanawake wanne waliandika habari za waume zao na kaka zao waliorudi vitani mwaka 1979. Mambo ambayo tuliishi nayo nyumba kwa nyumba, kuta zimegusana, na hatukuwahi kuambiana. Ungeyapeleka yale ya kwanza mjini kuchapwa, ungepata redio na kuku wawili. Jibu lisingekuwepo, kwa sababu hakuna ambaye angeuliza.

Kuna jingine ambalo kwangu ni zito zaidi.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na sisi walimu wapya tulioingia baada yake tulipewa madarasa ya kisomo mchana, tukishamaliza na watoto. Nilikuwa na miaka 20. Darasa langu lilikuwa chini ya mwembe, wanawake wamekaa na watoto mgongoni. Kazi ya kwanza ilikuwa kujaza rejista: jina, umri, anajua kusoma au hajui. Mama mmoja kijana nilimpa kitabu, akakitazama, akatikisa kichwa. Nikaandika: hajui kusoma wala kuandika. Akahudhuria wiki mbili, akaacha.

Miaka 40 na zaidi ikapita, akaingia kwenye mchezo wetu kupitia binti yake. Zamu yake ilipofika alikaa na daftari wiki, akalirudisha limejaa kurasa sita, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri uliolala sawa kama mkeka. Sote tulidhani ameandika dua. Wengine waliogopa hata kulishika bila udhu. Tukampa msichana mmoja anayesoma chuoni aangalie, akaanza kusoma kwa sauti, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili. Kiswahili safi cha Kimtang'ata, lahaja ya pwani yetu hii. Habari za baba yake aliyekuwa fundi wa majahazi, aliyemfundisha kuandika akiwa na miaka saba ili amwekee hesabu za misumari na mafuta ya sifa, yale ya samaki ya kupaka vyombo. Habari za talaka yake ya kwanza. Na katikati, mistari mitatu kuhusu mwalimu kijana aliyekuja na rejista: kwamba alimwonea haya kumwambia kuwa yeye anaandika tangu mtoto, ila si kwa herufi zile.

Mwalimu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nimekaa pale, msichana anasoma, na kina mama wote wananitazama. Nilikwenda nikamshika mikono, nikashindwa kusema. Yeye akasema tu, "Yamepita, mwanangu," ingawa ananizidi miaka michache.

Na sisi watu wa pwani tulipaswa kujua. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, alimwita binti yake asogee akae na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana habari anayopenda kumwambia. Utenzi aliomtungia, ambao nimewakaririsha watoto wa watu, uliandikwa kwa herufi hizohizo nilizoziita kutojua kuandika. Mama kwa binti, kisha mkono kwa mkono. Huu mtindo wetu wa daftari hatukuuleta sisi.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2021 walikuja wageni wa ofisi moja, sitaitaja. Walikuwa na adabu. Wakasema wamesikia kazi yetu, wanataka kuiona. Nikawakaribisha, nikawatilia chai, nikawawekea maandazi, nikalileta daftari la pili. Wakafungua, wakawa wanapiga picha kurasa kwa simu. Niliona. Nikadhani ni za kumbukumbu tu, na nikaona haya kumkataza mgeni. Machi iliyofuata, kwenye sherehe ya Siku ya Wanawake, msemaji akasimama na karatasi akasoma ukurasa wa mmoja wetu, neno kwa neno. Jina hakulitaja. Alisema "mama mmoja muuza samaki wa ng'ambo ya pantoni, mwenye mapacha". Mhariri, ng'ambo ya pantoni wauza samaki wenye mapacha ni wangapi? Uwanja mzima uligeuka. Shemeji yake alikuwa safu ya pili.

Hakulia. Magharibi alikuja kwangu, akaomba daftari, akaomba mkasi. Akakata kurasa zake karibu kabisa na mshono, bila haraka, zisichanike za wenzake, akazikunja akaziweka kifuani. Akaniambia: "Mwalimu, si wewe uliyesoma. Lakini ni wewe uliyewatilia chai."

Daftari likalala kabatini miezi mitano. Mchezo uliendelea, fedha zilitembea, daftari hapana. Hakuna aliyesema limekufa na hakuna aliyeliuliza.

Aliyelifufua ni yeye. Zamu yake ilipofika alisema, "Na daftari liko wapi?" Akaondoka nalo. Liliporudi, kurasa zake nne zilikuwa zimeshonwa pamoja kwa uzi wa kofia, ule mweupe mwembamba, kwenye kingo zote tatu. Mshono wa fundi kweli, maana kina mama wa huku wanadarizi kofia tangu wadogo. Juu ya ukurasa wa kwanza ameandika: "Nimeandika. Nimefunga." Tulilipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja akapitisha kidole kwenye ule mshono. Na tangu hapo mtu akitaka anashona. Katika daftari la tatu na hili la nne kuna kurasa za namna hiyo 11. Sijui kilichomo ndani hata kwa moja. Daftari limelala nyumba 22, kwa wakwe, kwa mawifi, kwa watoto wenye udadisi wao, na hakuna uzi uliokatwa.

Basi namuuliza msomaji mwenzangu: siku ya kupiga chapa, wembe atashika nani?

Kuhusu mchwa ana haki. Daftari la pili lililoweshwa na mvua ya masika kwenye boda boda, wino ukavuja kurasa nzima. Sasa tunaandika kwa kalamu ya biki tu, daftari linatiwa kwenye mfuko wa nailoni kisha linafungwa na kipande cha kanga, na kabatini tunaweka majani makavu ya mwarobaini. Mwenye kuogopa kupotelewa ananakili kurasa zake mwenyewe. Si ulinzi kamili, najua. Lakini madaftari yaliyolindwa na wenyewe yameishi muda mrefu kuliko haya. Mpwa wangu aliyeko Uingereza aliniletea habari za wanawake wa huko. Mwaka 1935 mama mmoja aliyekuwa akiishi Ireland, mpweke na watoto wadogo, hana redio wala maktaba ya karibu, aliandika kwenye jarida la Nursery World akiomba mwenye wazo amsaidie. Wanawake wakamjibu, na wakaanzisha jarida lao la siri. Kila mmoja aliandika kwa jina la kubuni, mhariri wao akazishona barua pamoja ndani ya jalada la kitambaa lililotiwa nakshi, nakala moja tu, ikapita kwa posta nyumba hadi nyumba, kila msomaji anaandika maoni yake pembeni. Walifanya hivyo mpaka mwaka 1990. Miaka 55! Leo yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Sussex. Nilipoambiwa habari ya maoni pembeni nilimkumbuka yule wa "Dada, alirudi?"

Ombi langu kwa maktaba za mikoa ni dogo. Tupeni nafasi ya sanduku moja la bati, lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja wa maktaba, mwingine wa kikundi. Daftari lililojaa likapumzike humo, pakavu. Mwandishi anayetaka ukurasa wake usomwe na watu wa nje aandike hivyo juu ya ukurasa, kwa mkono wake, na anayetaka kuuondoa aje auondoe siku yoyote. Aliyefariki, warithi wake wasiwe na ruhusa ya kukata uzi ambao yeye hakuukata. Hili la mwisho tumebishana sana na wenzangu wengine hawakubaliani nami, lakini ndivyo ninavyoona.

Na kwa watafiti, waandishi na watu wa ofisi: mnakaribishwa, chai bado ipo. Ila njooni bila kupiga picha, na mkae zamu kama wengine. Kabla ya kusoma, andikeni kwanza ukurasa wenu, habari za mama zenu, tuusome. Mwaka jana alikuja binti mmoja wa chuo kikuu akakubali. Aliandika kurasa mbili usiku kucha kwa taa ya simu. Asubuhi macho yamemvimba, na kina mama wakampikia uji wa mchele kabla hata hawajamuuliza jina la chuo chake.

Wanawake wanaosoma barua hii huko mliko, msinitumie kurasa zenu. Nunueni kaunta buku, mfuate zamu ya mchezo wenu.

La nne lilivuka na pantoni Ijumaa iliyopita. Limekwenda kwa mjukuu wa marehemu shoga yangu, yule wa darasa la sita, ambaye sasa ameolewa Bweni na ana mtoto wa miezi minane. Ni zamu yake ya kwanza. Juzi usiku alinitumia ujumbe kuuliza kama inaruhusiwa kuanza na vidole vya bibi yake, maana ya kwake mwenyewe bado hajui aanzie wapi. Nimemwambia uzi wa kofia uko ndani ya kanga, akiuhitaji.

Jina langu unalo, Mhariri. Naomba usilichape.

Mwalimu mstaafu,
Pangani, Tanga